Kuumeni na Kuukeni

Msimu ule wa vuli darasa la tatu B lilikuwa limefika kwenye somo la ndugu: nani wa kuumeni, nani wa kuukeni, nani mkubwa wa nani, na kila mmoja anaitwaje. Mwalimu Yen aliwagawia watoto karatasi ngumu, akawaambia wachore visanduku, kila kisanduku mtu mmoja, kisha wavute mistari ya kuwaunganisha. Watoto thelathini na wanne walichora. Thelathini na watatu walirudishiwa karatasi zao zikiwa na nyota. Ya Diep ilirudi na wino mwekundu.

Aliileta nyumbani Alhamisi jioni, imekunjwa mara nne, akasimama nayo kando ya kitanda cha Thoan. Nje uani mpunga ulikuwa umeanikwa kutoka kizingitini hadi ukingo wa bwawa, na vumbi lake lilikuwa limeingia kila mahali, kwenye vikombe, kwenye mkeka, kwenye koo la kila mtu.

"Lete nione," alisema Thoan.

"Si kitu, Shangazi."

"Kama si kitu, mbona umekificha kwapani?"

Diep alikohoa, akaikunjua. Thoan alijiinua kwa kiwiko. Juu kabisa mtoto alikuwa amemchora Babu, ambaye ni marehemu, na Bibi Ngat. Mistari miwili ilishuka kutoka kwao, mmoja hadi kwa Xoan, mmoja hadi kwa Nhuan. Kutoka kwa hao wawili mistari ilikutana chini kwenye kisanduku kilichopakwa rangi ya waridi, kimeandikwa Diep. Ndani ya kisanduku cha Nhuan aliandika Baba. Ndani ya kisanduku cha Xoan aliandika Mama. Pembeni, karibu na ukingo wa karatasi, palikuwa na kisanduku kingine kisicho na mstari hata mmoja. Humo aliandika Shangazi Thoan.

Na mwandiko mwekundu wa mwalimu ulisema: *Baba na mama hawawezi kuwa watoto wa tumbo moja. Fikiri tena, uchore upya.*

"Kien kasema baba yangu kamuoa dada yake," alisema Diep. "Darasa zima likacheka. Mwalimu naye alicheka kidogo, halafu akajifanya anakohoa."

Thoan alitaka kucheka pia, lakini tumbo halikumruhusu. Alikitazama kile kisanduku cha pembeni. "Mbona mimi sina mstari?"

"Sikujua niuvute kutoka wapi," alisema Diep. "Bibi hakukuzaa wewe. Na Mama Xoan si ndugu yako. Nikaona nikuache hapo kwanza."

Kabla ya Diep walikuwepo wengine wawili. Wa kwanza, mvulana, aliishi siku saba. Wa pili, msichana, aliishi siku arobaini, na alikuwa ameshaanza kuifuata taa kwa macho. Wote wamelala kwenye kona ya makaburi wanakolazwa watoto wachanga, bila jiwe wala jina. Kwa hiyo Diep alipozaliwa, mwembamba kama kijiti, Bibi Ngat hakungoja. Alifunga kitambaa kichwani, akaenda kwa mpiga ramli wa kijiji cha pili, akarudi na jibu. Kwa hesabu ya miaka ya wanyama kumi na wawili, mama ni wa mwaka wa Simbamarara. Mtoto ni wa mwaka wa Tumbili. Miaka hiyo haipatani. Wakiitana mama na mwana, mmoja atamwangusha mwenzake.

Dawa yake inajulikana na kila mtu. Siku ya kumi Diep aliwekwa ndani ya ungo, akapelekwa kwenye njia panda, akaachwa. Xoan, dada mkubwa wa Nhuan, mjane asiye na mtoto, akatokea kama mpita njia. "Jamani, nani katupa mtoto mzuri hivi?" alipaza sauti ili kila anayesikiliza, wa duniani na asiye wa duniani, asikie. "Haya, hana mwenyewe, namchukua mimi!" Akamchukua hadi nyumbani kwake, nyumba ya pili upande wa kisima, na jioni ile ile akamrudisha kwa Thoan anyonyeshwe. Tangu hapo Xoan akawa Mama na Thoan akawa Shangazi, hadi mtoto afike miaka kumi na miwili na kukombolewa kwa sadaka.

Kila mtu alijua nani kamzaa nani. Diep mwenyewe alijua. Halikuwa jambo la siri, lilikuwa jambo la ulimi. Lakini ulimi ndio unaosikika kutwa nzima. Wanawake wote wa kichochoro kile waliitwa kwa watoto wao, Mama Kien, Mama Luu, Mama Pacha, na Thoan peke yake alibaki Thoan, kama msichana aliyekuja jana. Alimfundisha Diep kutembea, alimchana nywele, alimpepea wakati wa joto, na kila alipoanguka na kuumia goti Diep alimkimbilia yeye akilia, "Shangazi! Shangazi!" Thoan alijiambia miaka kumi na miwili si mingi.

Kisha mwezi wa sita hospitali kubwa ya Hanoi ikampasua tumbo na kulishona tena siku hiyo hiyo. Daktari alimwita Nhuan pembeni. Nhuan aliporudi wodini alikaa, akashika ukingo wa shuka, akamuuliza mkewe anatamani kula nini, chochote, ataje tu. Hapo Thoan akajua. Madaktari wetu husema hivyo wanapokuwa hawana la kusema: mrudisheni nyumbani, mpeni anachotamani.

Alichotamani hakikuwa chakula.

Ijumaa Diep alirudi na karatasi mpya. Alilala kifudifudi sakafuni kando ya kitanda cha Thoan, rula mkononi, ulimi nje. Alianza na Babu na Bibi. Akaja Xoan, akaja Nhuan. Kisha akainua kichwa.

"Jumatatu tunasimama mbele mmoja mmoja na kueleza. Mwalimu kasema nyumbani nikuite kama ninavyokuita, lakini kwenye mchoro anaandikwa aliyenizaa." Alikuna pua kwa penseli. "Sasa nikuandike wapi?"

Thoan alisikiliza. Jikoni Xoan alikuwa akichambua mboga. Bibi Ngat alikuwa uani akigeuza mpunga kwa miguu, *shwa, shwa, shwa*.

"Kando ya baba yako," alisema Thoan polepole.

"Niandike nini?"

"Uliambiwa uandike nini?"

Diep aliandika. Aliandika kama wanavyofundishwa, kichwa kimeinama upande, kila herufi ikikaa kwenye mstari wake. Mama, nukta mbili, Thoan. Kisha akavuta mstari kutoka hapo hadi kwenye kisanduku chake cha waridi, akakikoleza mara mbili. Thoan aliona mwili wake wote ukipata joto, kama mtu aliyekunywa supu. Neno lilikuwa pale, kwa mwandiko wa mwanawe, na paa halikuanguka.

"Haya, fanya mazoezi," alisema. Sauti yake ilimshangaza mwenyewe. "Nisomee kama utakavyosoma Jumatatu."

Diep alipiga magoti, akanyoosha kidole. "Huyu ni babu yangu, baba yake baba. Huyu ni bibi yangu. Huyu ni Xoan, dada yake baba, nami humwita..." Akaliruka neno. "Huyu ni baba yangu, Nhuan. Huyu ni..."

Kidole kilisimama. Mtoto alimtazama Thoan, na Thoan hakusogea, hakupumua. Na ile *shwa, shwa* ya uani ilikuwa imenyamaza.

"Huyu ni nani?" aliuliza Bibi Ngat kutoka mlangoni. Alikuwa amesimama pekupeku, makapi yamemganda hadi magotini. Aliingia, akaiokota karatasi, akaisogeza mbali na macho kama wafanyavyo wazee. "Nani kakwambia uandike hivi?"

"Mwalimu, Bibi."

"Mwalimu kazaliwa mwaka gani?"

"Sijui, Bibi."

"Basi aujue kwanza mwaka wake, ndipo aje kuchezea miaka ya watu!"

Akageuka na karatasi yake, moja kwa moja hadi jikoni, ambako chungu cha wali kilikuwa juu ya moto wa mabua. Thoan alisikia kelele ya Xoan: "Mama! Usichome! Mama, toa mkono!"

"Nitoe nini? Niache hii ndani ya nyumba?"

"Ukichoma inakwenda! Mavazi ya karatasi tunamchomea baba, yanamfika. Baiskeli ya karatasi umemchomea mwaka jana, inamfika. Na hii nayo itafika! Unawapelekea wa huko barua yenye jina la mtoto na la mama yake, umeisaini na kuigonga muhuri!"

Bibi Ngat alirudi mlangoni na karatasi, kona moja imeshaanza kuwa kahawia, akaibana kwenye paja kuizima.

"Basi niichane."

"Uchane jina la mgonjwa?" alisema Xoan nyuma yake.

"Niitupe bwawani."

"Bata wataila," alisema Nhuan, aliyekuwa ndiyo kwanza anashuka kwenye pikipiki, na hakuna aliyejua kama anatania au anasema kweli. Hata yeye alionekana hajui.

Mwishowe karatasi iliwekwa juu ya kabati, uso chini. Diep alikuwa bado amepiga magoti pale pale. Uso ulikuwa umempauka. Alianza kukohoa, na kila mtu ndani ya nyumba ile akageuka kumtazama, ijapokuwa kijiji kizima kilikuwa kinakohoa wiki ile kwa vumbi la mavuno.

Jumamosi asubuhi Bibi Ngat alimwosha Thoan nywele kwa maji ya majani ya balungi. Alikuwa akifanya hivyo kila wiki tangu mwezi wa sita, bila kuombwa, na vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko ulimi wake.

"Mama," alisema Thoan, kichwa kimelazwa juu ya beseni. "Sikuombi kitu kingine. Neno moja tu. Mara moja."

Maji yalimwagika polepole.

"Wale wawili niliwabeba mimi hadi makaburini," alisema Bibi Ngat. "Wewe hukuruhusiwa hata kufika mlangoni. Yule wa pili, nilipombeba, alikuwa mwepesi kuliko kuku. Njia nzima nilifikiri nimebeba ungo mtupu, nikawa nafunua kutazama." Alikamua nywele. "Sina ugomvi nawe, Thoan. Watu wanadhani mkwe ni lazima awe na ugomvi. Mimi nina woga. Huyu mmoja ndiye tuliyebaki naye."

"Mpiga ramli hawezi kupunguza miaka?"

"Nilikwenda mwezi wa saba. Hukuambiwa. Kasema imebaki minne, haipungui."

Thoan alifumba macho. Kuamini, hakuamini, si sawasawa. Alikuwa amefanya kazi kiwanda cha nguo miaka kumi, alijua mambo ya vidudu na sindano. Lakini wale wawili walikuwa wamemwita nani? Hawakujua hata kuita. Na bado walikufa. Na huyu, aliyefundishwa kumwita Shangazi, yuko hai, ana meno mapya mawili. Ungefanya hesabu gani hapo?

Mchana Mwalimu Yen alikuja na katoni ya maziwa na machungwa, kama inavyotakiwa kwa mgonjwa. Alikuwa kijana, amehamishiwa kijijini tangu shule ilipofunguliwa, na alikaa kwenye ncha ya kiti kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Dada, nisamehe kwa wino mwekundu. Sikujua. Hata sisi kwetu mjini, binamu yangu humwita mama yake Dada. Ningefikiri kabla sijaandika."

"Hukukosea, Mwalimu. Baba na mama kweli hawawezi kuwa wa tumbo moja."

Xoan alicheka kwa nguvu, akajipiga paja. "Mimi niliposikia nimeolewa na Nhuan nilitaka kujitupa kisimani! Yule nilimlea mimi, namjua anavyokoroma!" Kisha akaacha kucheka, akamtazama mama yake, akamtazama wifi yake. Tangu asubuhi alikuwa na kitu mdomoni. "Lakini Mwalimu, nikuulize. Mtoto akisimama darasani akasoma somo lake, hapo amemwita mtu?"

"Sijakuelewa, Dada."

"Mtoto akisoma kitabuni 'ng'ombe', ng'ombe haji. Kasoma tu. Sasa Jumatatu Diep akisema mbele ya darasa, huyu ni mama yangu, hajamwita Thoan. Thoan yuko hapa kitandani. Kalisema somo. Si ndiyo?" Aligeuka. "Mama, si ndiyo?"

Bibi Ngat alikuwa akimenya chungwa. Alimenya hadi mwisho, ganda moja refu lisilokatika.

"Shule ni mbali na nyumba," alisema hatimaye. "Na wewe Xoan ungezaliwa mwanamume ungekuwa wakili."

Mwalimu Yen alisema huwa anawapiga watoto video na kuzituma kwenye kundi la wazazi. Thoan ataisikia kwenye simu. Bibi Ngat alimpa Thoan lile chungwa alilolimenya, na Thoan akala vipande vitatu, jambo ambalo hakulifanya kwa wiki nzima. Nhuan aliona, akatoka nje haraka.

Na Xoan, wakati wa kuondoka, alibaki nyuma kidogo. "Wifi," alisema chini chini, "miaka minane nimekula neno lako. Nilikuwa nalisikia tamu, sitakudanganya. Jumatatu ni yako."

Jumatatu Thoan alimwomba Nhuan amwinue na kumwegemeza kwenye mito miwili. Alitaka kuvaa ile blauzi ya bluu. Nhuan aliiweka simu mapajani mwake, imechomekwa kwenye chaji, sauti imefunguliwa hadi mwisho, kisha akaenda kujaza magunia, kwa sababu mawingu yalikuwa yakija kutoka upande wa bahari.

Video zilianza kuingia saa nne. Kien alikuwa na wajomba saba na akasahau wawili. Msichana mmoja alilia kwa sababu mchoro wake ulichanika. Mzazi mmoja aliandika: *Mwanangu kanifanya mnene kwenye kisanduku.* Thoan alitazama zote, za watoto wa watu, bila kuruka hata moja.

Ya Diep iliingia saa tano kasorobo.

Alikuwa amesimama mbele ya ubao, shati jeupe limechomekwa vizuri, nywele zimebanwa na Xoan. Karatasi ilikuwa imebandikwa ubaoni, na ile kona ya kahawia ilionekana. "Huyu ni babu yangu, baba yake baba. Huyu ni bibi yangu. Huyu ni Xoan, dada yake baba. Huyu ni baba yangu, Nhuan, yeye ni fundi wa pampu." Kidole kikasogea. Thoan alileta simu karibu na uso.

Diep alinyamaza.

"Na huyu je, Diep?" sauti ya Mwalimu Yen iliuliza kwa upole. "Ni nani wako?"

Midomo ya mtoto ilikuwa imefungwa hadi ikawa myeupe. Watoto walianza kunong'ona. *Sema mama. Si umeandika? Sema!* Sauti ya Kien ilisikika juu ya zote: "Soma tu, bubu wewe!" Diep alikuwa akitikisa kichwa, kidogo kidogo, huku machozi yakimshuka, lakini kidole hakikutoka kwenye kisanduku.

"Huyu ni Thoan," alisema mwisho. "Ni mgonjwa. Hapendi vitunguu."

Watoto wachache wakapiga makofi. Video ikakatika.

Thoan aliitazama mara tatu. Mara ya tatu aliizima sauti, akaangalia midomo tu. Halafu akaifunika simu juu ya mkeka na kuigeukia dari. Miaka minane, aliwaza. Wamemfundisha vizuri.

Diep alirudi saa kumi na nusu. Hakuja kitandani. Thoan alimsikia nyuma ya pazia, akikohoa kwa kujizuia.

"Njoo hapa."

Alikuja, akasimama na mkoba mgongoni.

"Mwalimu kakugombeza?"

"Hapana."

"Bibi kakukataza?"

"Hapana. Bibi kasema ruhusa, shuleni ni somo tu." Alianza kuvuta uzi wa mkoba. "Shangazi, umekasirika?"

"Sijakasirika. Nataka kujua tu. Maneno uliyajua. Uliandika mwenyewe."

Mtoto alivuta uzi hadi ukakatika. "Nilishasema," alisema.

"Ulisema nini?"

"Hilo neno. Nilishalisema. Wakati wa mavuno ya mwezi wa tano. Ulikuwa umelala mchana, hapa hapa, feni imewashwa. Kien alikuwa amenitania, kasema mimi nina mama wawili na sina hata mmoja. Nikaja nikasimama hapa. Nikasema nijaribu mara moja tu, kwa sauti ndogo." Pumzi zilimpanda. "Hukuitika. Nikakimbia. Halafu siku ya tatu ukaanza kutapika. Halafu wakakupeleka Hanoi."

Thoan alimwangalia.

"Bibi alisema mmoja atamwangusha mwenzake," Diep alisema. "Nyinyi wote mnanitazama mimi nikikohoa. Kumbe ni mimi niliyekuangusha wewe. Nikisema tena, hata shuleni, utakufa."

Upepo ulikuwa umeanza, na uani Nhuan na Xoan walikuwa wakiitana washike turubai. Thoan alinyoosha mikono, na kwa kuwa hakuweza kuifikisha mbali zaidi, Diep akaja mwenyewe, na mkoba wake, akajilaza ubavuni. Tangu mwezi wa tano, aliwaza Thoan. Mtoto huyu amelala, ameamka, amekula, amekwenda shule, na jambo hili kifuani, peke yake. Na neno lenyewe lilisemwa. Lilisemwa hapa, hatua moja kutoka kwenye sikio langu, nami nilikuwa nimelala.

"Nisikilize," alisema. "Mimi nilianza kuumwa kabla ya mavuno. Kabla ya Tet, kabla hata ya mwaka mpya. Nilikuwa nikiamka alfajiri naumwa hapa chini ya mbavu, nafunga kitambaa, naenda kiwandani. Nilimwambia baba yako ni mgongo. Nilificha."

"Unanidanganya."

"Nenda kafungue droo ya cherehani. Chini ya vifungo kuna pakiti za dawa za tumbo. Tazama tarehe. Unajua kusoma tarehe?"

Diep alikwenda. Alikaa huko muda mrefu. Alirudi na pakiti moja tupu, kidole kikiwa juu ya karatasi ya duka la dawa. "Mwezi wa kumi na moja," alisema. "Mwaka jana."

"Na wewe ulisema lini?"

"Mwezi wa tano."

"Sasa nani alitangulia?"

Mtoto alikunja uso, akahesabu kwa vidole, kama vile hesabu yenyewe ilikuwa ngumu. Kisha uso ukamlegea wote mara moja, akalia kwa sauti, kilio cha mtoto mdogo kabisa. Mlangoni Nhuan alikuwa amesimama na turubai mkononi, maji ya mvua ya kwanza yakimdondoka. Alikuwa amesikia. Mwezi wa kumi na moja. Alichuchumaa pale pale kizingitini, akawapa mgongo, na Thoan alijua kwamba hilo nalo amelifanya yeye, na hana siku za kutosha za kulirekebisha.

Diep alifuta kamasi kwa mkono wa shati. "Basi si mimi."

"Si wewe."

"Basi naweza kusema? Sasa hivi?"

Alikuwa ameshaweka midomo. Thoan aliiona ilivyokutana, tayari. Kitu kiliinuka ndani yake kikubwa kuliko ugonjwa. Mara moja tu. Nani angejua? Lakini aliijua miili ya watu wanaokufa, alimwuguza mkwe wake mwanamume hadi mwisho, na asubuhi ile miguu yake mwenyewe ilikuwa imevimba na hakuihisi. Zimebaki siku nane, labda kumi. Mtoto atasema leo, na wiki ijayo atavishwa kitambaa cheupe cha msiba kichwani. Pakiti ya dawa ina nguvu gani mbele ya hilo? Atahesabu tena kwa vidole. Atahesabu maisha yake yote.

Akaweka kidole kwenye midomo ile.

"Bado," alisema.

"Mpaka lini?"

"Ulipoambiwa. Kumi na miwili."

Diep alimtazama. Hakuwa mtoto mjinga. "Wewe utakuwepo?"

Mvua ilikuwa sasa inapiga paa la bati la jikoni. Thoan alingoja ipungue, haikupungua.

"Unakumbuka Babu alivyohamishwa? Alfajiri, wakati wa baridi. Walimfukua, Bibi akaosha mifupa kwa maji ya manukato, mmoja mmoja, wakampanga kwenye sanduku dogo la udongo, wakampeleka kwenye makao yake ya kudumu. Wewe ulishika mwavuli."

"Nakumbuka. Bibi alikuwa akiongea naye."

"Alikuwa akiongea naye. Watu wote walikuwa wakiongea naye. Na mimi watanihamisha hivyo hivyo, miaka ikitimia. Minne. Hesabu utakuwa na miaka mingapi."

Vidole vilihesabu juu ya mkeka. "Kumi na miwili," alisema Diep. "Nitakuwa darasa la saba."

"Basi siku hiyo. Hakuna atakayekukataza, hata Bibi. Utasimama karibu kabisa, utasema."

"Kwa sauti ndogo?"

"Kwa sauti kubwa."

Diep alifikiri. Alikohoa mara mbili, na safari hii Thoan alijilazimisha asimtazame. "Shangazi," alisema mtoto, "ile siku ya mwezi wa tano hukuitika. Siku hiyo utaitika?"

Thoan alimvua mkoba mgongoni, kamba moja, kisha ya pili, akauweka chini.

"Wewe sema tu," alimwambia.